Mkwe na Mizani ya Ngozi

Mimi ni mtu wa Tawa, lakini nilioa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, karibu na Kwa Vonza. Nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni huko, shule ya vyumba viwili vya udongo na kengele iliyokuwa kipande cha reli kilichofungwa mtini. Vijana wa leo wakinisikia nikisema kwamba sikuwa nikimtazama mama mkwe wangu usoni, wanacheka. Wanadhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Kwetu Wakamba wa siku zile, heshima ya mkwe na mama mkwe ilikuwa ni kupishana, na tuliiita nthoni. Akiniona njiani aliingia kichakani akajifunika shuka mpaka nipite. Nikimwona mimi kwanza, niligeuka. Hakulitamka jina langu, nami sikulitamka lake. Tukiwa na neno la kuambiana, mke wangu ndiye aliyelibeba.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza, kama wajukuu wangu wanavyoniuliza, "Kwa nini hukuangalia tu?" Swali hilo linaniudhi mpaka leo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya thelathini. Nzige walikuwa wamepita, kisha mvua ikakataa, na watu walikula mizizi wakijifanya wanakula chakula. Ndipo wakaja kwetu wageni watatu kwa lori moja: daktari, mhandisi wa maji na mkaguzi wa shule. Walikuwa na swali moja waliloligawana. Daktari alitaka kujua ni watoto gani wanaokojoa damu, ugonjwa ule tunaouita kichocho. Mhandisi alitaka kujua kama ugonjwa unatoka kwenye bwawa letu, na kama kisima cha saruji kikichimbwa kwenye mchanga wa mto kingeuzuia. Mkaguzi alitaka kujua kama wagonjwa ndio wale wale waliosinzia darasani, ambao sisi walimu tuliwachapa tukidhani ni uvivu. Siku hizi mngeuita utafiti. Sisi tulisema wazungu wamekuja kuchungulia mikojo.

Mimi nilifanywa mkalimani. Daktari alizungumza Kiswahili chake cha mashambani kwa wazungu, nami nikakigeuza Kikamba. Alikuwa mtu wa haraka lakini si mbaya, na watoto walimpenda kwa sababu aliwaruhusu kuchungulia kwenye darubini.

Watoto waliokutwa na kichocho wangedungwa sindano. Daktari aliniita kando akanieleza kwa kunong'ona.

"Hii dawa iko kali sana," alisema. "Mutoto kidogo, dawa kidogo. Mutoto mukubwa, dawa mukubwa. Mutoto kidogo akipata dawa mukubwa, roho nasimama. Wewe nasikia? Lakini usiambie mama sasa. Taambia siku ya sindano. Ukiambia sasa, yote takimbia."

Kwa hiyo kila mtoto alipaswa kupimwa uzito kwanza. Mizani ya daktari ilikuwa imevunjika njiani, lori lilipoanguka kwenye korongo. Tukaazima ya Msomali mnunuzi wa ngozi pale Kwa Vonza, ile ya kutundika, yenye uso wa duara na ndoano chini. Aliileta mwenyewe, akaifunga kwenye boriti ya veranda ya shule, akatuomba tuifute vizuri kabla ya kuirudisha kwa sababu watoto wetu walinuka kuliko ngozi zake. Kwenye ndoano tukafunga ngozi ya ng'ombe mfano wa mbeleko, mtoto akalazwa ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma namba na kuita kwa sauti, mkaguzi akiandika mezani, ametupa mgongo. Daktari alikuwa chumbani na darubini yake. Agizo lake lilikuwa moja: mtoto apimwe bila kitu mwilini.

Akina mama hawakuipenda kazi ile hata kidogo. Kupimwa kwa mizani ya ngozi! Walisema watoto wepesi wataonekana wana njaa, na mtoto mwenye njaa atachukuliwa alelewe misheni ya mbali. Nani alianzisha uvumi huo sijui. Niliukanusha mpaka koo likakauka. Wachache walijaribu kuwanywesha watoto maji mengi, mmoja alimwacha mwanawe na mkufu wa shaba kiunoni. Nilimvua mwenyewe, nikamfokea mama yake, watu wakacheka. Hakuna aliyenipita kwa ujanja.

Kisha nikasikia kicheko kikikatika ghafla. Sikuhitaji kuambiwa. Mama mkwe wangu alikuwa amefika, shuka limemfunika mpaka kwenye paji la uso, akimleta kitinda mimba wake, mdogo wa mke wangu, mvulana ambaye meno ya mbele ya utotoni yalikuwa yameng'oka. Alikuwa mjane, na mtoto huyo ndiye aliyebaki naye nyumbani.

Niligeuka. Nilitazama ukuta. Jirani yake, mwanamke mnene wa maneno mengi, ndiye aliyempokea mtoto na kumlaza kwenye ngozi, akapaza sauti, "Tayari, mwalimu!" Nikainua macho kwenye uso wa mizani peke yake, juu, nisione kilicho chini. Nikasoma namba. Nakumbuka nilifurahi. Nilijiambia, kumbe huyu mama anajua kulisha hata wakati huu, na sisi tulikuwa tunamhurumia bure.

Kumbe mama alikuwa amemfunga mtoto mawe ya mto kiunoni, kwenye kitambaa, chini ya shuka ambalo jirani hakumvua. Jirani alijua, maana ndiye aliyesaidia kufunga. Na wala mama yule hakuogopa misheni wala wazungu. Aliniogopa mimi. Hakutaka mkwe wake asome kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, jinsi shemeji yake alivyokonda. Neno lenyewe nthoni maana yake ni aibu na heshima kwa pamoja, na mama yule alizibeba zote mbili.

Hayo yote mimi sikuyajua. Siku ya sindano ilipofika nilisimama verandani nikiwa na roho nyepesi, nikawaeleza akina mama yale ambayo daktari alikuwa amenikataza kusema kabla ya siku hiyo. Niliyasema vizuri, maana kusema ndiyo kazi yangu. Dawa ni kali. Inaingia kwenye mshipa polepole. Kila mtoto anapewa kadiri ya uzito wake, na mwepesi akipewa ya mzito, moyo wake unaweza kusimama. Lakini msiogope, nikasema, kwa sababu wote tumewapima.

Mama mkwe wangu alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko la shule, mahali ambapo angesikia bila kuonekana. Alisikia kila neno.

Mke wangu, ambaye angeleta habari, alikuwa ameteremka mtoni kuchota maji ya kuchemshia sindano. Kwa hiyo mama alimtuma jirani. Na jirani naye alikuwa na mkono wake katika mawe yale, tena mkaguzi alikuwa amesimama karibu nami. Alinijia akivuta vuta kanga yake.

"Mwalimu, mama yetu anasalimu," alisema. "Anasema kijana leo hajaamka vizuri. Labda apumzike, adungwe siku nyingine."

"Ana homa?"

"Homa hana."

"Anaharisha?"

"Haharishi. Ni kwamba tu mama ana wasiwasi."

Nilipandwa na hasira. Asubuhi nzima nilikuwa nimebembeleza wanawake, na sasa wa nyumbani kwangu ndiye anataka kuwaonyesha wengine njia ya kukimbia. "Mwambie aache woga," nikasema. "Mtoto wa mkwe wa mwalimu akikataa, nani atakubali?" Jirani akaenda zake. Akarudi tena baada ya muda, safari hii akasema mama anauliza kama dawa inaweza kupunguzwa kidogo. Nikamwambia mama si daktari.

Mtoto akaitwa. Akapanda kwenye benchi peke yake, akanyoosha mkono bila kulia. Daktari akaushika ule mkono, akauzungusha, akanitazama.

"Hii mutoto iko kondefu. Namba iko sawa?"

Niliuona mkono. Ulikuwa mwembamba mno. Moyo wangu ulisita, nakiri, lakini namba niliisoma kwa macho yangu mwenyewe, na mimi sikuwa mtu wa kukosea namba. Nikafikiri ni kichocho kinachomla.

"Iko sawa, bwana."

Akatafuta mshipa. Alipata taabu, kisha akaupata. Sindano ikaingia, akaanza kusukuma taratibu kama alivyofanya kwa wengine, macho yake kwenye uso wa mtoto. Mtoto alikuwa ameuma pindo la shuka.

Nikasikia nyayo zinakimbia, na wanawake wakisema "Aai! Aai!" Nikajua ni nani kabla sijamwona, na mwili wangu ukafanya kile ulichofundishwa tangu utotoni. Niligeuka nikampa mgongo. Yeye yuko nyuma yangu anapiga kelele, na mimi natazama ukuta, tena nimejiziba uso kwa mkono! Nilisikia sauti lakini sikusikia maneno. Masikio yenyewe yalikataa.

Ndipo akanishika. Mikono miwili, mabegani, mikono migumu ya jembe, akanigeuza kama mtu anavyogeuza mtungi. Shuka lilikuwa limeanguka. Uso wake ulikuwa mbele yangu, umelowa, mifupa imetokeza kuliko ya mtoto wake, na akaniita kwa jina langu, lile nililopewa na mama aliyenizaa.

"Ni mawe!" akasema. "Nilimfunga mawe! Mwambie mzungu ni mawe!"

Sikujua nilisema nini. Daktari alinisimulia baadaye kwamba nilipiga kelele kwa Kikamba, na kwamba alielewa kutokana na uso wangu. Alichomoa sindano. Dawa nyingi ilikuwa bado imo ndani ya bomba, lakini ile iliyoingia ilikuwa imeingia.

Mtoto alianza kukohoa, kikohozi kikavu kisichokwisha, kisha akatapika, midomo yake ikawa ya kijivu. Daktari akamlaza chini, akaweka sikio kifuani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nilikuwa nimepiga magoti upande mmoja wa mtoto yule, mama mkwe wangu amepiga magoti upande wa pili, kichwa chake wazi, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuondoka. Mke wangu alirudi kutoka mtoni akatukuta hivyo. Aliniambia kwamba aliposhuhudia sisi wawili tumetazamana, alidhani mdogo wake amekwisha kufa.

Hakufa. Kikohozi kilitulia jua likiwa limeanza kuinama. Akaomba maji. Nilipomwinua kichwa anywe, mama alikuwa hayupo. Alikuwa amerudi nyuma ya jiko.

Daktari alikuwa amekasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Aliwapima upya watoto wote, yeye mwenyewe akiwa ameishika ngozi, na mtoto wetu akaondolewa katika uchunguzi ule. Wazee nao walikaa. Kumshika mkwe, kumwita jina, kumwonyesha kichwa, yalikuwa mambo mazito, na yalitaka mbuzi. Nilitoa mimi. Nikatoa na blanketi juu yake, kwa sababu desturi yetu ilikuwa na mlango: mkwe akitoa zawadi hiyo na mama akiipokea, nthoni inafunguliwa, wanaweza kuongea na hata kula pamoja. Nilitaka hivyo. Nilitaka kumshukuru uso kwa uso.

Mama mkwe aliwaachia wazee mbuzi. Blanketi alilirudisha kwa mkono wa mke wangu, na ujumbe kwamba limfunike kijana, kwa sababu anamleta akae kwetu, apate kula. Mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo lakini uji haukukosa. Akamwacha kwenye kona ya njia, akageuka. Nthoni haikufunguliwa, na nyumba ya mkwe hakuweza kuingia. Alijua alipokuwa akimwacha kwamba amemwacha mahali ambapo yeye hatakanyaga.

Mvua ilirudi. Mhandisi alikuja akajenga kisima chake cha saruji, na kijana akaacha kukojoa damu baada ya kutibiwa upya, kwa dawa ya uzito wake halisi. Mama alibaki upande ule wa bwawa, na tukapishana njiani kama zamani.

Siku moja nikitoka sokoni Kwa Vonza niliona shuka lake likiingia nyuma ya kichaka. Niligeuka kama ilivyonipasa. Lakini sikupita. Nilisimama na kikapu changu mkononi, mgongo kwake, nikitazama barabara tupu. Sijui kwa nini nilisimama. Naye hakuondoka, maana sikusikia majani.

Kisha sauti ikatoka kichakani, ndogo, kama inaiambia ardhi.

"Sasa ana uzito gani?"

Nilimjibu nikiwa natazama barabara.

"Ni mzito, mama. Jana nilijaribu kumbeba, nikashindwa."

Nikasikia akijipangusa pua, kisha majani yakasogea, nami nikaendelea na safari yangu.