Kivimbe cha Jogoo Mchanga

Harufu ya manyoya ya kuku yakibabuliwa motoni hunirudisha moja kwa moja uani kwetu, hapa Bunia, nikiwa mtoto wa shule ya msingi na mama yangu akiwa mwanamke ambaye hata mbwa wa jirani walimwogopa.

Kwetu kuku hakuchinjwa kabla hajataga akachoka. "Kuku ni ya kutaga, si ya tumbo yako," mama alituambia kila tulipommezea mate mmoja. Mayai yale ndiyo yaliyotupeleka shule, na vifaranga ndio waliokuwa warithi. Basi siku moja pikipiki ikamvunja mguu jogoo mchanga, ikabidi achinjwe. Mama alipompasua, karibu na mkia akakuta kivimbe cha mviringo, kama punje ya njugu. Katika kuku wote wazee aliowahi kupasua hakuwahi kukiona. Akaweka kisu chini.

"Yesu wangu! Maladi imeingia, ugonjwa ya kuku. Kesho tunachinja zote!"

Nililia, jamani, nikijua shule imekwisha.

Bahati nzuri jioni ile alipita Tantine Masika, dada wa baba, aliyesomea utabibu wa wanyama. Alikigeuzageuza kivimbe, akacheka hadi akakaa chini.

"Mama Kavira, hii si maladi. Kila kuku mutoto iko nayo. Ni mule damu yake inajifunza kupigana na magonjwa. Akikomaa, inapunguka, inaisha. Weye ulizoea kupasua mabibi tu!"

Akatuonyesha na vingine shingoni, vimepangana kama ushanga, navyo hupungua kuku akizeeka. "Tuwape chanjo sasa, wangali wanajifunza."

Mama hakuwa mtu wa kukosolewa, lakini siku ile alikubali. Kesho yake Tantine alidondoshea kila kifaranga dawa jichoni, mimi nikiwashika. Ugonjwa ulipopita mtaani wakati wa ukame, majirani walibaki na mabanda matupu. Wa kwetu walipona karibu wote, nami nikaendelea kusoma.

Ila kile kivimbe nilikihurumia. Kifanye kazi yote ile, halafu kiishe bila hata shukrani?

Sasa mama amezeeka, amekuwa mdogo kitini, hata kunigombeza kunamchosha. Ndipo nimeelewa. Nguvu zile hazikupotea. Ziko ndani yangu, zinanipigania kila siku. Jumapili iliyopita nilimwambia hivyo, nikamshukuru, machozi yakinitoka.

Alinisogezea sahani ya chakula.

"Aksanti," akasema. "Lakini mimi sijaisha bado. Kula, weye umekonda."