Fitri ya Mwinyijuma

Shemeji yangu Mwinyijuma alikuwa mpima mbata, zile nazi kavu za kukamulia mafuta, katika ghala la tajiri mmoja hapa Bagamoyo. Tajiri hakuwa, maskini hakuwa. Alivaa koti juu ya kanzu ya pasi, akinyoosha kidole, mahamali wanabeba. Kila Idd, alfajiri, hamali mmoja aitwaye Pazi alikuja mlangoni kupokea fitri, ule mchele ambao mwenye chakula humpa asiye nacho kabla ya sala. Mtoaji anajulikana, mpokeaji anajulikana, basi.

Mwaka wa thelathini na moja bei ya mbata ikaanguka. Tajiri akafunga ghala, akahamia Dar es Salaam na mizani yake. Pazi akarudi kwao Kiwangwa kulima. Shemeji akabaki na koti. Kulima hajui, kubeba hataki, na wapimaji hawatakiwi popote. Akawa anashinda barazani akiwauliza wapita njia kama meli imekuja. Meli ya nini, nadhani mwenyewe hakujua.

Idd ilipofika, dada yangu Mardhiya alikuwa na mchele wa chungu kimoja tu. Nilikuwa pale namkunia nazi. Shemeji akauzoa wote, akautia bakulini.

"Unaupeleka wapi?" dada akauliza.

"Fitri ya Pazi."

"Na sisi tule nini, koti?"

Hajajibu, ikapigwa hodi. Pazi huyo, kikapu kichwani.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Fitri yako hii hapa."

Pazi akalitazama bakuli. "Mwinyi, safari hii mimi ndiye nimekuletea mchele."

"Ni zawadi au ni fitri?"

Pazi akajikuna shingo. Akisema fitri, amemwita mwinyi wake maskini mbele ya mkewe. Akisema zawadi, fitri yake haijatoka, na msikitini takbira zimeshaanza.

"Mwinyi unapenda iwe nini?"

"Sipendi kitu, nauliza. Kama ni zawadi, basi mimi nina chakula, nawe upokee bakuli hili. Kama ni fitri..." Hakuwa anaringa, alikuwa amepotea kweli. "Kama ni fitri, Pazi, mimi ni nani?"

"Sijui, Mwinyi. Hata mimi njia nzima nilikuwa nataka kugeuka. Hapa nimezoea kuja na kikapu kitupu."

Wakabaki wamesimama, huyu na kikapu, huyu na bakuli.

"Sala haiwangojei nyinyi!" nikawaambia.

Mardhiya akatoka na kanga yake ya jikoni, akakitua kikapu kutoka kichwani mwa Pazi. "Fitri nimeipokea mimi, Mungu akutakabalie. Maskini wa nyumba hii ni mimi. Huyu mwache aende akaswali na utajiri wake." Na bakuli akampokonya mumewe.

Baada ya sala Pazi alikula nasi wali. Katikati ya kula shemeji akanigeukia. "Hebu niambie, shemeji. Mke akiwa maskini, mume anaitwaje?"

"Anaitwa kula, wali unapoa."

Akala. Lakini tangu siku ile, kila akikutana na Pazi njiani husimama kwanza mdomo wazi, hajui angoje shikamoo au aitoe yeye.