Mwanachama wa kwanza

Juzi nilikuwa duka la steshenari pale Chikongola, nasubiri kopi zangu. Mwenye duka ni dada anayeandika blogu ya habari za korosho. Akaingia mnunuzi wa korosho, ambaye tangazo lake ndilo lililokuwa likiiendesha blogu hiyo. Akaegemea kaunta.

"Dada, ile habari kwamba mizani yangu inawapunja wakulima uifute, la sivyo tangazo naliondoa."

Dada akabonyeza simu.

"Nimeshaliondoa mwenyewe, kaka. Habari inabaki. Ila kuanzia leo wanasoma wanachama wanaolipia tu."

Mnunuzi akaitazama simu yake, kisha akauliza taratibu, "Kujiunga nabonyeza wapi?"

Kama wakulima nao watalipia, sijui. Aliyeandikwa alilipia palepale.