Nyama Mbichi Juu ya Jiwe

Sisi watoto baba alizungumza nasi lugha ya nyumbani. Kwa mbwa alitumia Kiswahili. Alimpata Musoma, mtaa wa Kitaji, kwa bwana mifugo wa Kizungu aliyekuwa anafungasha vitu kurudi kwao, na Mzungu huyo alikuwa amemfundisha kwa Kiswahili alichokijua: kulia, kushoto, kaa, haya. Mbwa alikuwa mweusi, shingo nyeupe, manyoya marefu kama ya beberu, na kutulia hakukujua. Kuku wakitawanyika uani, aliwakusanya. Sisi tukitawanyika, alitukusanya pia.

Mzungu alimwachia baba na masharti ya chakula. Mbwa ale nyama mbichi na mifupa mibichi, maana mfupa uliopikwa huvunjika ukawa sindano tumboni. Alishwe mahali pamoja tu. Asiguse kitu mpaka aambiwe "haya". Baba akachagua jiwe bapa nje ya boma la ng'ombe, na tangu siku hiyo hakumlisha pengine.

Mama alifariki akimzaa mdogo wetu wa mwisho. Baba akamfuata mwaka wa tatu, kwa homa ya siku tisa. Nilikuwa darasa la sita, msichana, mzaliwa wa kwanza, na nyuma yangu wadogo watatu. Matanga yalipoisha, baba mdogo alikuja na kauli yake: ng'ombe kumi na mmoja hawachungwi na msichana. Angewachukua yeye, na sisi tungegawanywa, mmoja kwa shangazi Bunda, mmoja Nyakato, mdogo kabisa kwake.

"Nani atawachunga?" aliniuliza.

"Mimi na mbwa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sawa, mama. Siku mbwa wako akishindwa, nakuja na kamba."

Nilirudisha vitabu shuleni wiki ileile. Nikachukua fimbo ya baba, na kazi ya jiwe nikaichukua pia. Siku ya kuchinja nilitembea hadi Bunda kuomba wengu, koromeo na mifupa ya shingo. Siku nyingine nilingoja mwuza samaki aliyekuja na baiskeli kutoka Murangi, akanichagulia furu waliopondeka. "Huyu mbwa anakulaga samaki kuliko mimi ninayebeba," alikuwa akisema. Mbwa aliketi mbele ya jiwe, mate yakimdondoka, macho yakiwa kwangu. Nikisema "haya", alikula. Kisha alikimbia kutwa nzima kuzunguka ng'ombe, na jioni hakupungua hata mmoja.

Halafu likaja agizo la serikali la kuhamia kijijini. Lori lilipokuja kubeba mizigo nililipakia lile jiwe, watu wakaangua kicheko. "Mkoa mzima huu ni mawe, na wewe unabeba jiwe!" Sikutaka mbwa ajifunze jiwe jipya.

Kule porini tulikotoka tulikuwa mbali na watu. Kijijini, karibu na barabara ya Butiama, nyumba zilipangwa mistari, na kila mtu aliona sufuria ya mwenzake. Watu wa kwetu mbwa walimpa makombo na ukoko wa ugali. Aliyepewa nyama mbichi walimwita mwonjaji. "Leo anaonja wengu," jirani aliniambia, watu wakisikia, "kesho mbuzi, keshokutwa huyo mdogo wako unayembeba mgongoni."

Niliyavumilia maneno hayo miezi miwili, kisha yakanishinda. Nikaanza kumpikia mbwa ugali, nikaumwagia supu ya furu. Siku ya kwanza alikula kidogo. Baadaye akawa ananusa tu, analiramba jiwe mahali palipokuwa na harufu ya zamani. Mbavu zikaanza kuhesabika.

Ndipo mwanambuzi wa mama mmoja mjane, nyumba ya nne kutoka kwetu, akakutwa kando ya ua, koo limechanika. Kuna aliyemwona mbwa wangu akipita huko alfajiri.

Mkutano uliitwa asubuhi ileile. Baba mdogo alifika kabla ya watu wengi, kamba imezungushwa begani. Nilijua mbwa akiuawa ng'ombe wataondoka siku hiyo, na wadogo zangu baada yao.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa haki, ila mpenda hotuba. Aliamua nyama ya mwanambuzi yule iwekwe mbele ya mbwa. Akiirukia, jambo limekwisha. Niliomba iwekwe juu ya jiwe letu, wakakubali, vijana wakalibeba hadi pale mkutanoni, penye nguzo ya bendera. Nikasema, "Kaa." Mbwa akakaa.

Alitetemeka mwili mzima, lakini hakusogea. Nilianza kuona nuru.

Mwenyekiti akasimama, akakung'uta suruali. "Haya, ndugu wananchi," alisema, "kama mlivyojionea wenyewe..."

Mbwa akaruka. Nyama ikapotea kwa kumeza mara mbili.

"Mwonjaji! Mwonjaji huyo!" Mtu akaokota rungu. Baba mdogo akaishusha kamba begani.

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena maishani. "Mwenyekiti amemruhusu! Amesema haya! Ndilo neno lake la kula!"

Kicheko kikaanzia kwa akina mama. "Mwenyekiti, umemkaribisha mgeni wako mezani," mmoja alisema. Mwenyekiti mwenyewe alijifuta uso. Lakini mwenye rungu hakucheka, wala baba mdogo.

Yule mjane ndiye aliyeinuka. Alikata kipande kingine, akakiweka juu ya jiwe kwa mkono wake. "Turudie," alisema. "Na kila mtu afunge mdomo."

Nikamkalisha. Tukangoja. Kivuli cha nguzo ya bendera kilitoka upande mmoja wa jiwe kikafika upande wa pili. Inzi walitua juu ya nyama, mbwa akawatazama wakila chakula chake. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mwishowe mjane aliniangalia mimi, si mbwa, akaniangalia muda mrefu.

"Mbuzi wangu ameliwa na fisi," alisema. Kisha akamwinamia mbwa. "Haya, baba. Kula."

Baba mdogo aliondoka na kamba yake. Wadogo zangu walikulia chini ya paa moja, na wote watatu walimaliza shule.

Kuna jambo sikulisema mkutanoni. Alfajiri ile mwanambuzi alipouawa, mbwa wangu alikuwa na siku mbili hajala, na alirudi nyumbani manyoya ya kifua yamelowa. Kulikuwa na umande. Nilijiambia ni umande, nikamfuta kwa khanga bila kuiangalia khanga.

Jioni ile nilimrudishia nyama mbichi, hadharani, watu wakiona. Na asubuhi iliyofuata nilimpelekea mjane kibuyu cha maziwa. Nilimpelekea kila asubuhi mpaka alipofariki. Hakuniuliza ya nini. Alipokea kwa mikono miwili, akamimina, akakirudisha kibuyu kimeoshwa.