Asidi Kali na Wifi Mkali

Shangazi yangu akikanyaga kizingiti tu, nyumba nzima ilikaa wima. Ni dada wa marehemu baba, mwalimu wa kemia, na hakuwahi kuingia kwetu asikute cha kusahihisha: pazia limepinda, redio inapiga kelele, mimi nimekaa kama gunia. Mama, ambaye ni wifi yake, alimheshimu na kumkwepa kwa kipimo kilekile. Baba alipofariki, ziara zikakatika. Ugomvi haukuwepo. Aliyekuwa akija kumwona ndiye aliyeondoka, basi.

Kilichomrudisha ni pH, kile kipimo cha asidi.

Mama alikuwa muosha vyombo katika maabara ya hospitali. Usifikirie sahani. Ni bika, chupa na mirija ya vioo ambayo ukiisugua vibaya inakuvunjikia mkononi. Ikatokea nafasi ya msaidizi wa maabara, na mkuu wa maabara akasema bila kuzunguka kwamba angependa kumpa mama, ila lazima awe amefaulu kemia ya sekondari. Mama alikuwa ameacha shule kwa sababu ya mimba, na mimba yenyewe ndiyo mimi, kwa hiyo katika mazungumzo hayo huwa nachangia kidogo. Akafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaanguka. Mkuu akaahidi kumsubiri mpaka mtihani wa mwaka uliofuata, si zaidi. Akianguka tena, ataosha chupa mpaka astaafu. Mama akameza mate, akampigia wifi yake simu.

Shangazi akawa anakuja kila Jumamosi mchana. Walikaa kwenye meza ya kulia, mama na kikotoo chake cha mtumba, Shangazi na miwani yake kwenye ncha ya pua. Nilitegemea vita. Badala yake nikasikia mtu anafundishwa taratibu, na mwingine anaitikia.

Asidi ya haidrokloriki ilimwingia mama bila shida. Unachukua kiasi cha ayoni za hidrojeni, unatafuta logi yake, unageuza alama. Ikiwa ni sehemu moja ya kumi ya moli kwa lita, pH ni moja. Alizoea hata ule ukaidi wa kipimo chenyewe, kwamba asidi inavyozidi ndivyo namba inavyoshuka. Na besi kama magadi makali ya kuoshea vioo, ambayo alishayajua kwa vidole vyake, ilimtaka tu akumbuke kutafuta pOH, kipimo cha upande wa besi, kwanza, kisha kuitoa kwenye kumi na nne.

Kilichomshinda ni siki. Akipewa siki ya kiasi kilekile, anaandika pH moja. Shangazi anakata kwa kalamu nyekundu. Jumamosi inayofuata, moja tena. Kalamu tena. Mimi nilianza kutafuta shughuli za nje ya nyumba.

Siku moja mama akaweka kalamu chini. Akasema amechoka kuandikiwa alama ya mkasi, na kwamba kitabu ndicho kinachodanganya. Siki ni kali, nani asiyejua? Ikizidi kwenye mboga, meno yanakufa ganzi. Iweje mtu aiite asidi dhaifu, halafu amlazimishe na yeye aamini?

Shangazi aliitazama ile karatasi. Nilidhani anachagua pa kuanzia kumshambulia. Kumbe anafikiri.

"Neno ndilo limekuponza, wifi," akasema. "Huu ukali si wa ulimi, wala si wa wingi. Asidi kali ukiitia majini inaachia ayoni zake zote. Dhaifu inaachia chache, nyingine inazing'ang'ania. Hata ukimimina ndoo nzima, ni dhaifu tu."

Mama akaitazama meza.

"Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa kidogo na bado kikawa kikali."

"Ndiyo."

"Kama wewe, unakuja mara moja kwa wiki."

Shangazi alivua miwani, akaiweka mezani, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga ya mama. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Nilimpenda sana siku ile, na nilishangaa kwamba sikuwahi kumpenda kabla.

Baada ya hapo mama hakukosea tena. Alizidisha kiasi cha siki kwa ile namba ndogo inayoonyesha inaachia ayoni kiasi gani, akatafuta kipeuo cha pili, kisha logi, akageuza alama: mbili nukta tisa.

Siku ya mtihani alitoka kwenye chumba cha mtihani akampigia Shangazi kabla hajafika getini, nami niko pembeni yake nimebeba mkoba. Watahini walitoa amonia. Besi, tena dhaifu, mitego miwili kwa mpigo. Shangazi akataka namba zote, kisha jibu.

"Kumi na moja nukta moja," mama akasema.

Tulisikia vitufe vya kikotoo upande wa pili. Halafu Shangazi akasema, "Sawa," akakata simu.

Mama alifaulu, kwa alama ya kawaida isiyo ya kutangazia majirani, ingawa niliwatangazia wote. Alipewa nafasi na koti jeupe lililomzidi mabega. Ila Ijumaa ya wiki ile nilimkuta anatoa vitabu mezani, kavaa uso wa mgonjwa. Nikamuuliza kulikoni, si amepata alichokitaka? Akasema anafurahi, tena sana, lakini sasa wifi hana tena kinachomleta.

Nikamsaidia kuvibeba vile vitabu.

Jumamosi mchana mlango ukagongwa. Shangazi aliingia bila mkoba, bila kalamu nyekundu, akavuta kiti chake, akaketi. Mama alisimama akipangusa mikono iliyokwisha kauka.

"Kuna mada imebaki, wifi?"

"Hakuna," Shangazi akasema. "Nimekuja tu."