Waya wa Fundi Sirili

Fundi Sirili wa Soweto, hapa Moshi mjini, hakuwa mtu wa kukuambia gitaa lako ni zuri au baya. Yeye alikuwa anakutajia nchi. Ukimpelekea gitaa la besi, anailaza mezani, anafumba jicho moja na kuitazama shingo yake kuanzia mwishoni, kama mtu anayelenga ndege kwa manati. Kisha anatoa wembe kwenye mfuko wa shati na kuupitisha pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Kwa Mjapani wembe hauingii. Kwa Mkorea inaingia ncha tu. Kwa Mchina, zile alizokuwa anaziona yeye miaka ile, ungeweza kutumbukiza sarafu ukaisikia inagonga ndani.

Mimi naitwa Aikande. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mwika, na mwalimu wa kwaya ya usharika wetu. Ni mtu wa hasira za karibu, najijua, na wanafunzi wangu walinijua zaidi. Habari hizi ni za Sirili, si zangu. Ila mimi nimo ndani yake, na sitajificha.

Sirili alikuwa Mkatoliki wa Kibosho. Useremala alifundishwa misheni, redio akajifundisha mwenyewe kwa kuzibomoa za ndugu zake. Zamani besi za Moshi zilikuwa za kuhesabu, nyingi za bendi za mashirika, zimetoka Chekoslovakia au Ujerumani Mashariki. Sirili aliziheshimu bila kuzipenda. "Mcheki anatengeneza besi kama anatengeneza daraja," alikuwa anasema. "Haivunjiki, lakini mpigaji anavunjika bega." Ilipokuja ruksa ya biashara huria, mipaka ikalegea na vitu vikaingia kutoka kila upande. Za Kijapani zilikuja mitumba, zimechunika rangi lakini mbao zake kavu na shingo imenyooka. Za Kikorea zikaja kupitia Nairobi. Mkorea, alisema Sirili, ana haraka lakini hadanganyi. Mwisho zikaja za Kichina, mpya, zinang'aa dukani, na kila kwaya ya mlimani ikaitaka moja.

Kazi yake kubwa ilikuwa waya. Nyuma ya besi kuna kifuniko, na ndani yake, kwenye besi iliyotengenezwa kwa uangalifu, kuna waya mwembamba unaotoka kwenye chuma kinachoshika nyuzi mpaka pale unapochomeka kebo ya amplifaya. Waya huo ukiwepo, mpigaji akigusa nyuzi ile ngurumo ya umeme inanyamaza. Mjapani hausahau. Kwenye za Kichina alizofungua, mara nyingi haukuwepo, na Sirili alikuwa anauweka kwa mkono wake. Akimaliza anaandika kwa penseli ndani ya kifuniko: nchi, alichofanya, na neno la mwenye gitaa. Hakuna besi iliyotoka kwa Sirili ikanguruma. Hilo lilijulikana mpaka Arusha.

Mwaka tisini na tatu usharika wetu ulikuwa na jubilei. Mpigaji wetu wa besi alikuwa Godwin, mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea mimi baada ya mama kufariki. Besi yake ya zamani ilishapinda shingo, tukamnunulia mpya ya Kichina, nyekundu. Siku ya kwanza kuichomeka ilinguruma mpaka wazee wakatoka nje. Alhamisi, siku tatu kabla ya jubilei, nikaibeba mwenyewe kwenye mvua ya masika mpaka Soweto.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwalimu. Leo umeniletea nchi gani?"

Akaifungua. Akachungulia ndani kwa tochi, akachekea puani. "Waya hawakuweka. Ni kazi ndogo." Akawasha chuma chake cha kulehemu, kisha akakiweka pembeni bila kukitumia. Akanitazama. "Amplifaya yenu, plagi yake ina miguu mingapi?"

Nilijua jibu. Plagi ilikuwa na miguu mitatu tulipoinunua, lakini mguu wa tatu, ule mnene wa juu, ulivunjikia kwenye gari tukirudi kuimba Marangu. Tangu siku hiyo tulifanya kama kila mtu alivyofanya kwake: unachomeka kijiti kwenye tundu la juu la soketi, yale matundu mawili yanafunguka, unasukuma plagi na umeme unawaka. Kijiti chetu kilikuwa cha mti wa kahawa. Godwin alikichonga vizuri na tulikihifadhi kwenye kabati la vitabu vya nyimbo.

"Kwa nini unauliza?" nikamwambia.

"Kwa sababu nikiweka huu waya, nyuzi na amplifaya zinakuwa kitu kimoja, na mpigaji naye anakuwa kitu kimoja nazo. Amplifaya ikiwa na ugonjwa, mguu wa tatu ndio unaoupeleka ardhini. Mguu usipokuwepo, ugonjwa unaenda kwa mpigaji." Akaifuta besi maji ya mvua kwa kiganja. "Nilikuwa na mdogo wangu, Basili. Alikuwa anapiga kwenye bendi ya shirika. Besi yake ilikuwa ya Mjapani, bora kuliko zote nilizowahi kufungua, na waya wake ulikuwa safi kabisa. Siku hiyo waliazima amplifaya mbovu, Basili akagusa mikrofoni kwa mdomo, na umeme ukapata njia ya ardhini kupitia mwilini mwake. Ingekuwa ya Mchina, isiyo na waya, leo angekuwa hai analalamika kelele. Ndiyo maana nauliza. Tena afadhali niione hiyo amplifaya. Iteremsheni mjini."

"Kwa mvua hii? Kwa barabara ile?"

"Basi nisubirini mpaka Jumatatu, nitapanda mwenyewe."

"Jubilei ni Jumapili, fundi."

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa nimelowa, nilikuwa na njaa, na mtu huyu ananichelewesha na habari za marehemu wake. Hasira ikanipanda. Nikamwambia, "Ina miguu mitatu. Mimi ni mwalimu, nitakudanganya ili iweje?"

Akaona haya, maskini. Akaomba radhi. Aliuweka waya kwa dakika kumi, akachukua penseli na kuandika huku akisoma kwa sauti, kama alivyofanya siku zote: "Mchina. Waya nimeweka. Miguu mitatu, kwa neno la Mwalimu Aikande." Akakaza kifuniko kwa skrubu nne.

Jumamosi tulifanya mazoezi. Besi ilikuwa kimya safi, na Godwin akipiga ulisikia kila noti imesimama peke yake. Katikati ya wimbo wa pili akaacha kupiga akafuta vidole kwenye suruali. "Dada, nyuzi zinanitekenya," akasema. Sakafu ilikuwa na maji ya miguu ya watu, na yeye alikuwa amevaa kandambili. Wenzake wakacheka, mmoja akasema ni Roho Mtakatifu. Mimi sikucheka. Nilitazama soketi, nikakiona kijiti kimekaa pale pale.

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa wazi mpaka saa kumi, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini nilikuwa na sare za kugawa, na wageni wa dayosisi wanafika, na nyimbo tatu hazijakaa sawa. Nikajiambia Jumatatu nitanunua plagi. Godwin nikamwambia ajikaze, avae viatu.

Jumapili mvua haikukatika. Mitambo ya sauti ilikodiwa mjini, ikaja na mikrofoni zake na plagi zake nzima, lakini amplifaya ya besi ilibaki yetu, na kijiti chake. Godwin alivaa viatu vyeusi nilivyompigia rangi mwenyewe. Nyimbo mbili zilipita salama. Wimbo wa tatu ulikuwa na ubeti ambao Godwin aliuongoza peke yake, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yao na mikono juu nikiwaelekeza. Nilimwona anasogea kwenye mikrofoni. Nilitaka kumwambia asiiguse. Mikono yangu ilikuwa inaendelea kuhesabu mapigo, na neno halikutoka.

Mdomo wake uligusa chuma. Hakupiga kelele. Besi ndiyo iliyopiga kelele, sauti moja ndefu, na watu wakadhani ni sehemu ya wimbo. Mpiga ngoma alipoelewa alikimbia kuvuta plagi, kijiti kikarukia karibu na kiatu changu. Nilikiokota. Mdogo wangu amelala chini, watu wanamwita jina, na mimi naokota kijiti nakifunga kwenye pindo la khanga. Mchana huo nilikitia jikoni kwenye moto.

Na Jumatatu nilinunua plagi, kama nilivyosema. Niliifunga mwenyewe. Ilikuwa nyeupe mno, nikaipaka majivu mpaka ikaonekana ya siku nyingi.

Tulimzika kihambani, shamba la ukoo wetu, kwenye migomba aliko mama. Siku ya nne baada ya maziko Sirili akapanda Mwika kwa miguu kutoka stendi, amevaa koti lake la kanisani. Watu walikuwa wameshaanza kusema ni besi, ni yule fundi wa Soweto, na hakuna aliyemkaribisha kiti. Aliomba kuiona amplifaya. Wazee wakamruhusu, nami nikasimama nyuma yao. Aliishika plagi kiganjani akahesabu miguu kwa kidole gumba. Mmoja, wa pili, wa tatu. Akahesabu tena. Nilimngoja aigeuze, ayanuse yale majivu, aniulize chochote. Kama angeniuliza, nadhani ningesema. Sijui. Najiambia hivyo.

Aliiweka chini polepole. "Basi ni mimi," akasema.

Akaomba apewe ile besi, wakampa, nani angeitaka. Kwenye soketi, ambako kijiti kilikuwa kimeacha alama kwenye tundu la juu, hakutazama, kwa sababu nilishamwambia miguu ni mitatu na sasa ameiona.

Baada ya hapo hakuna kwaya iliyompelekea gitaa. Walioacha besi zao kwake walizifuata, hata zisizokuwa tayari. Mwaka huo huo alirudisha chumba cha Soweto na kupanda Kibosho kwa mkewe, Mektrida, kwenye migomba na ng'ombe wawili. Nilisikia kwamba hata kiti cha jirani kikilegea mguu anakataa kukitengeneza. Kila nilipopewa habari hizo nilijibu kwa ukali, kama vile aliyenipa ndiye mwenye kosa.

Kwetu, mtu akikukosea akikuletea isale, lile jani refu tunalopanda mipakani, huwezi kumkataa. Unasamehe, hata kama moyo hautaki. Nilikata isale mara tatu kwa miaka tisa, na mara mbili lilinyaukia juu ya kabati. Niliogopa kwa sababu angelazimika kulipokea, na mimi ningelazimika kusema ni la nini. Nilijidanganya pia kwamba anajua. Kwamba aliuona uongo wangu kwenye yale majivu, akaamua kunibebea kwa wema wake. Wazo hilo lilinisaidia kula na kulala.

La tatu nililipeleka, mwaka elfu mbili na mbili, Jumapili baada ya ibada.

Mektrida alinipokea uani. "Yuko barazani," akaninong'oneza. "Akirudi misani anaifungua. Kila Jumapili, miaka yote hii. Labda wewe atakusikiliza."

Besi nyekundu ilikuwa mezani, kifuniko wazi, nyuzi zimeondolewa. Sirili amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia. Aliponitambua alisimama haraka, na nikaona ameshikwa na hofu, hofu ya mtu anayejiona ndiye aliyenikosea. Nilikuwa nimelificha isale chini ya khanga.

"Mwalimu," akasema, "afadhali umekuja. Sikuwa na uso wa kukufuata." Akanivutia kiti, akanielekezea ndani kwa bisibisi. "Nimeuchomoa huu waya na kuurudisha sijui mara ngapi. Plagi yenu ilikuwa nzima, niliihesabu mwenyewe. Kwa hiyo kosa liko hapa. Lazima liwe hapa. Mimi macho yamechoka. Wewe una macho ya kusahihisha madaftari, hebu nitazamie."

Nikatazama. Waya ulikuwa umelala vizuri, umelehemiwa safi kila upande. Juu yake, kwenye kifuniko, penseli yake bado inasomeka. Miguu mitatu, kwa neno la Mwalimu Aikande. Kwa miaka tisa alikuwa anasoma neno langu na kuliamini.

Nililitoa isale nikaliweka juu ya besi.

"Mguu wa tatu haukuwepo, fundi."

"Niliuona."

"Uliona plagi niliyoinunua Jumatatu. Niliipaka majivu. Ile ya jubilei ilivunjika kabla sijaja kwako, na nilijua siku uliponiuliza."

Alikaa. Alilitazama lile jani kwa muda mrefu, bisibisi bado mkononi. Ng'ombe akakohoa zizini. Mektrida alikuwa amefika mlangoni na chai, akabaki amesimama na trei.

Mwisho akalichukua isale kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Nimelipokea," akasema, "kwa sababu halikataliwi. Sasa nenda ukaseme kwenu kama ulivyosema hapa. Na hapa usirudi."

Nikaondoka bila kuaga. Nilipofika kwenye migomba ya mwisho, kabla ya njia, nilimsikia nyuma yangu analia kwa sauti kama mtoto, na anamwambia mkewe, "Haukuwa waya, Mektrida. Haukuwa waya wangu."