Vidonge Vilivyoanikwa Juani

Hasira hii nimeishi nayo tangu miaka ya sabini, na sijaona sababu ya kuitua.

Dada yangu alijifungua kwenye dispensari moja upande wa Nyamira. Mtoto alikuwa mzima, lakini mama yake aliendelea kutoka damu. Dresa, mhudumu aliyetoa dawa pale, akafungua chupa nyeusi, akamimina vidonge vidogo vyeupe, akatufungia kwa kipande cha gazeti. Chupa akabaki nayo. "Visipate unyevu," akasema, akaita mgonjwa mwingine. Basi!

Sasa niambie, kwetu ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, mtu azuie unyevu vipi? Mama alikuwa mkulima wa pareto. Ua la pareto usipolianika linaoza. Wimbi nayo huanikwa. Kwa hiyo mama akavitandaza vidonge kwenye ungo, akaviweka juani kando ya maua, akaketi hapo hapo kufukuza kuku. Vilipoanza kugeuka rangi alifurahi, akasema sasa vimekauka.

Dada akavimeza kama alivyoagizwa. Damu ikazidi. Tulimfikisha hospitali kule mjini Kisii akiwa hajiwezi, na kabla jua halijatua alikuwa amefariki.

Daktari aliviangalia vidonge vilivyobaki. Akanieleza kwa Kiswahili kwamba dawa ile ni aina ya chumvi ya kemikali, na hata ikiwa kavu kabisa, joto na mwanga huibadilisha ndani kwa ndani mpaka inakuwa kitu kingine, kisicho na nguvu. Kisha akauliza, "Ni mjinga gani aliyevianika?"

Ai! Hasira zilinipanda. Mjinga? Na yule aliyejua chupa ni nyeusi kwa sababu gani, akanyamaza, yeye tumwite nani?

"Mjinga ni mtu wenu aliyetufungia dawa kwenye gazeti!" nikamfokea mbele ya manesi. Wakasema sina adabu. Sawa, sina.

Mama hakujua Kiswahili. Alikuwa amembeba yule mtoto mchanga, akitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mwambie mama yako," daktari akasema, "ili asirudie tena."

Asirudie! Eti asirudie!

Mama akanivuta mkono, akaniuliza kwa Kigusii, "Anasemaje?"

"Anasema ulivitunza vizuri, mama. Anasema dawa ilitoka kwao ikiwa mbovu."

Hadi tunamzika mama mwenyewe, hakuna aliyethubutu kumwambia jingine.